Sanduku la spea za mashine za kupachika za zamani: hizi ni za nini?

mpwa_wa_nahodha (Pangani) aliandika:

Wakuu, habari za humu. Naombeni msaada, hasa kwa mafundi wa mashine za boti wa siku nyingi.

Mjomba wangu alikuwa nahodha hapa Pangani. Boti zake zilikuwa zikipeleka watu Maziwe, nyingine zikivua. Baada ya msiba familia imenikabidhi mimi stoo yake iliyoko ng'ambo ya Bweni. Ndani kuna mashine mbili za kupachika na sanduku la mbao limejaa spea zilizochanganyika. Mafundi wa hapa wamezoea Yamaha tu. Wakiziona hizi wanatikisa kichwa, wanaomba maji ya kunywa, wanaondoka. Nataka nijue nina nini mkononi kabla sijauza wala kufungua kitu.

Mashine ya kwanza haina kofia kabisa. Flaiwili iko wazi juu, ina mfereji wa kuzungushia kamba. Mguu wake ni bomba jembamba refu, unaweza kulishika kwa mkono mmoja. Kwenye flaiwili pameandikwa WIPAC. Kwenye chuma cha injini zimegongwa herufi WSC, halafu tarakimu kadhaa, halafu mwishoni CC4.

Mashine ya pili ina kofia ya Evinrude, rangi imepauka. Bati la namba lililokuwa kwenye klempu limeng'oka, yamebaki matundu ya riveti. Pembeni mwa injini kuna namba kubwa imenyanyuka juu ya chuma. Nilimpigia mtu wa duka Dar nikamsomea, akaniambia haimo kwenye orodha yake, nilete sampuli.

Kwenye sanduku vilivyonishinda ni hivi: springi moja nene fupi, ncha zake zimepindwa. Maboksi madogo ya karatasi yenye pointi za kuwashia moto, yameandikwa 580148. Impela ya mpira, mpya, mfuko wake umeandikwa 689-44352-02. Pistoni mpya ambayo karatasi yake imeliwa na mende, inasomeka 11636 tu hapo katikati. Na oili sili nyingi hazina namba hata moja.

Picha nimeweka hapo chini. Namba ipi ndiyo ya kutumia nikienda dukani?

---

chuma_ni_pesa aliandika:

Pima kilo mkuu, uza, nunua mpya. Mambo ya makumbusho waachie Wazungu.

---

FundiDeepSea (Tanga) aliandika:

Kijana, pole na msiba. Huyo aliyetangulia kujibu usimsikilize, au msikilize ukishasoma haya.

Kwanza weka chini msasa na brashi ya waya. Nimeona kwenye picha ya tatu umeanza kung'arisha. Acha leo hii. Namba za kugongwa kwenye aluminiamu hazina kina, na chumvi imeshazila nusu; ukipitisha msasa mara mbili umefuta cheti cha kuzaliwa. Chukua mafuta ya taa na mswaki wa zamani, osha taratibu, futa kwa kitambaa, uache pakauke. Kisha sugua chaki bapa juu ya namba, unga uingie kwenye mikwaruzo, na umulike tochi kutoka ubavuni, si kutoka juu. Utaona herufi ambazo mchana kweupe hazionekani.

Pili, na hili ndilo linalowapoteza watu wengi. Namba iliyonyanyuka juu ya chuma ni ya kalibu. Ilitoka kiwandani pamoja na umbo lenyewe, na kalibu moja inaweza kutoa bloku za mashine za nguvu tofauti na za miaka tofauti. Kwa hiyo yule wa Dar hana kosa, umemsomea kitu ambacho hakiuzwi. Namba ya kutafuta ni iliyogongwa kwenda ndani. Iliyonyanyuka iandike kwenye daftari, siku moja itakufaa, lakini usiende nayo dukani.

Sasa mashine yako ya kwanza. Hiyo ni British Seagull, ilitengenezwa Poole, Uingereza. WIPAC si jina la mashine, ni la waliotengeneza magneto yake, yaani kile kifaa kinachozalisha umeme wa cheche. Zile za zamani zaidi utakuta Villiers mahali hapohapo, na hilo peke yake linakupa umri wa kukisia. Lakini wewe huna haja ya kukisia. W ni familia ya Century, S ni mguu wa kawaida (mrefu ungekuwa L), C ni kwamba ina klachi. Mwishoni CC4: C ni herufi ya tatu, mwezi wa Machi. Miaka ya 60 walikuwa wakigonga herufi moja, miaka ya 70 wakairudia mara mbili. Kwa hiyo mashine ya mjomba wako imetoka kiwandani Machi 1974.

Hilo ukilijua, mambo mengi yanajipanga yenyewe. Nati zake si za milimita. Ni nyuzi za Kiingereza, Whitworth na wenzake, na spana ya 13 au 14 itaingia kwa kulegalega kidogo, utajipa moyo, utavuta, na kona zote za nati zitaondoka. Tafuta seti ya spana za zamani kwa wazee waliofanya kazi relini au bandarini. Hapa Tanga bado zipo. Plagi yake ina nyuzi za milimita 18, ni nene kuliko za mashine zote ulizozoea, kwa hiyo usimruhusu mtu ailazimishe plagi nyingine kwa kuifunga na utepe.

Mchanganyiko wake wa mwaka huo ni moja kwa kumi. Ndiyo, umesoma sawa, lita moja ya oili kwa lita kumi za petroli. Za baadaye zilishushwa mpaka moja kwa ishirini na tano, lakini kabureta zake zilibadilishwa pia. Ukiiwekea hamsini kwa moja kama Yamaha ya jirani, bushi zake zitalia na kufa. Na gia boksi usishtuke ukikuta oili imekuwa nyeupe kama maziwa. Ile gia boksi haikutengenezwa izuie maji kabisa, inakunywa kidogo na kutema kidogo tangu ikiwa mpya. Unaweka oili nzito, SAE 140, unaangalia mara kwa mara, basi.

Ile springi nene ni yake. Inakaa kwenye shafti, ncha moja inashika shafti na nyingine inashika propela. Mashine nyingine zinatumia pini inayokatika propela ikigonga mwamba. Seagull inatumia springi, inakubali kidogo, inarudi. Ipake grisi uifunge kwenye nailoni, usiiache ikarandaranda kwenye sanduku. Kiwanda kilifunga kazi ya mashine hizi miaka ya 1990, lakini kule Uingereza bado kuna wanaouza spea zake mpya mpaka gasketi. Ukiwaandikia, wape WSC na CC4 yako kama ilivyo, hawatakuuliza swali la pili.

Ya pili, hiyo ya kofia ya Evinrude. Kofia huvaliwa na yeyote. Nimeshaona Suzuki imevaa kofia ya Johnson kwa sababu iliingia kwa kamba. Bati likiwa limetoka, angalia kwenye injini yenyewe, upande au juu, utakuta kifuniko cha duara cha chuma kimegongwa kwenye tundu, ukubwa kama wa sarafu. Johnson na Evinrude walikuwa wakigonga namba ya modeli hapo pia. Kimejaa rangi na masizi, ndiyo maana mafundi wako hawakukiona. Osha, paka chaki, tuletee kilichoandikwa. Bila hicho sitakwambia kitu, maana sipendi kubahatisha mali ya marehemu.

Pointi 580148 nina la kusema, ila nasubiri hiyo namba.

---

mtu_wa_mwaloni (Mwanza) aliandika:

Fundi kamaliza, mimi naongeza upande wa Yamaha maana huku Kirumba ndiyo ugali wetu.

Namba ya Yamaha isome vipande vitatu. Tarakimu tano za katikati ndizo zinazosema kitu chenyewe ni nini. 44352 ni impela ya pampu ya maji, iwe ya mashine ndogo au kubwa. Kipande cha mwanzo kinasema kitu hicho kilibuniwa kwanza kwa mashine ipi. 689 ni za nguvu 25 na 30. Ya 15 kwa mfano utaona 63V-44352. Tarakimu mbili za mwisho ni marekebisho. Ukiwa na 00 na duka lina 02 ya kitu kilekile, chukua 02, ni ndugu yake aliyeboreshwa.

Angalizo: kipande cha mwanzo kisikutie hofu kikiwa hakifanani na mashine yako. Kiwanda kikiona kitu cha mashine ya zamani kinafaa kwenye mpya, hakibadilishi namba. Wauzaji wengine huku wanakataa kumuuzia mtu spea sahihi kwa sababu "hii si ya kwako", kumbe ndiyo.

Hiyo pistoni yako: 11631 ndiyo saizi ya kiwandani. 11635 ni kubwa kwa robo milimita, 11636 kwa nusu milimita. Kwa hiyo uliyonayo ni ya silinda iliyochongwa mara ya pili. Usimpe mtu aiweke kwenye silinda ambayo haijachongwa, haitaingia, na akiilazimisha ndiyo mwisho. Pima kichwa chake kwa venia uandike juu ya karatasi mpya, maana bila kipande cha mwanzo hatujui ni ya mashine gani.

---

mkono_wa_shela (Lamu) aliandika:

Salaam kutoka Lamu. Swali moja tu kwa mwenye mada: mjomba hakuwahi kuwa na Mariner?

Nauliza kwa sababu Mariner za miaka ya 70 na mwanzo wa 80, nyingi zilitengenezwa Japani na Yamaha, zikabandikwa jina jingine. Huku kwetu tulikuwa tunavalisha Mariner impela za Yamaha na hakuna aliyejua tofauti ila aliyeshika risiti. Za baadaye ni Mercury, hizo hazichanganyiki. Basi ukikuta spea ya Yamaha kwenye stoo isiyo na Yamaha, usifikiri imepotea njia.

---

mpwa_wa_nahodha aliandika:

Wakuu mmenifungua macho. Shikamoo fundi.

@mkono_wa_shela umenigusa. Nimemuuliza mama, anasema kulikuwa na Mariner iliyouzwa kwa mtu wa Kipumbwi. Basi impela na pengine pistoni vilikuwa vyake.

Fundi, nimekiona kifuniko. Kiko pembeni mwa injini, nilikuwa nikidhani ni kiraka. Kwa chaki na tochi nimesoma J25RLCR, halafu herufi moja ambayo siioni vizuri, halafu namba ndefu chini yake. Kwa nini ianze na J wakati kofia ni Evinrude?

---

FundiDeepSea aliandika:

Marahaba. Kazi nzuri.

J ni Johnson. Evinrude ingeanza na E. Wote wawili walikuwa wa kampuni moja ya Marekani, OMC, na ndani ni mapacha. Walitofautiana kofia, rangi na vibandiko. Kwa spea haikusumbui hata kidogo.

25 ni nguvu. R ni ya kuvuta kwa kamba, ya kuwashia kwa betri ingekuwa E. L ni mguu mrefu, wa inchi 20, kwa hiyo boti yake ilikuwa na tezi ya juu. Sasa CR. Kuanzia 1980 walificha mwaka kwa herufi. Andika INTRODUCES kwenye karatasi, herufi kumi, hakuna inayojirudia, na chini yake andika 1 mpaka 9 kisha 0. I ni 1, N ni 2, T ni 3, R ni 4, O ni 5, D ni 6, U ni 7, C ni 8, E ni 9, S ni 0. CR ni 84. Mashine ya 1984. Ile herufi ya mwisho usiyoiona ni ya marekebisho, itafute tu ukitaka kununua kitu cha umeme au kabureta, kwa vingine haina uzito.

Dukani ulizia impela 395289. Siku hizi wanaiandika na sifuri mbele, 0395289, ni ileile. Namba zote za OMC za tarakimu sita zimeongezewa hiyo sifuri na kuna wauzaji wasiojua wakakwambia haipo. OMC yenyewe ilifilisika mwisho wa 2000, Bombardier wakachukua, na Evinrude mpya hazitengenezwi tangu 2020. Usiogope, spea za kawaida za 25 bado zinapatikana, na zipo za makampuni mengine zinazotengenezwa kwa vipimo vilevile.

Sasa zile pointi. 580148 si za mashine hii. Ya 1984 haina pointi kabisa, inawasha kwa umeme wa kisanduku. Pointi hizo ni za Johnson na Evinrude za magneto ya zamani, miaka ya 50 mpaka katikati ya 70. Ina maana mjomba wako aliwahi kuwa na nyingine ya umri huo, au alikuwa mtu wa kununua spea akiziona hata kama mashine hana. Mimi nawajua wa namna hiyo, stoo yangu inanishuhudia.

Oili sili zisizo na namba: usizitupe, na usizipeleke duka la spea za boti. Zipeleke duka la beringi. Pima tundu la ndani, kipenyo cha nje na unene, kwa mpangilio huo, ndivyo wanavyoziandika. Beringi nazo ni hivyohivyo, ikiwa imegongwa 6205 ni 25 kwa 52 kwa 15 popote duniani, haijali kama ilitoka kwenye boti au kwenye mashine ya kusaga. Ila angalia mtego mmoja. Seagull na hiyo Johnson zote mbili zimezaliwa kwenye inchi. Shafti ya inchi moja ni milimita 25.4. Muuzaji atakupa sili ya 25, itaingia kwa kubana kidogo, mtafurahi wote wawili, na baada ya wiki maji yameingia. Andika inchi kwa inchi, milimita kwa milimita, usikadirie ya huku kwa ya kule.

Na @chuma_ni_pesa nimekujibu kwa heshima: kwa kazi ya kila siku ya kuvua, ningemwambia anunue mpya kama wewe. Seagull siyo ya kukimbizana na upepo wa kusi saa kumi usiku. Lakini hiyo Johnson ya 84 ikiwa kompresheni iko sawa kwenye silinda zote mbili, ni mashine ya kula nayo mkate, na kilo hazijui hilo.

---

chuma_ni_pesa aliandika:

Haya mzee, nimekubali kwa Johnson. Kwa ile Seagull bado nashikilia kilo.

---

mzee_wa_malindi_unguja aliandika:

Mimi napita tu lakini nimekwama kwenye hizo 580148. Nina Evinrude, bati lake zima, limeandikwa 18902. Pointi zimekwisha kabisa, nimezunguka Darajani na Mombasa sijapata, wananipa za pikipiki nizichonge. Fundi, hizo za kijana zitaingia?

---

FundiDeepSea aliandika:

Zitaingia. Evinrude za wakati huo ni rahisi kusoma: 18 ni nguvu, 9 ni mwaka, kwako ni 1969. Ni magneto hiyohiyo. Unahitaji seti mbili, moja kwa kila silinda, na ukiwa umeshafungua angalia koili. Za asili zinapasuka plastiki yake hata zikikaa bila kazi. Ukiona mpasuko, hata mdogo wa unywele, usihangaike na pointi mpya, moto utakuwa dhaifu tu. Koili yake ni 584477.

Kijana, unazo seti ngapi?

---

mpwa_wa_nahodha aliandika:

Nne, mbili hazijafunguliwa kabisa. Mzee wa Malindi, chukua hizo mbili ambazo hazijafunguliwa, nitazipa mtu anayevuka na boti wiki hii. Nitumie namba yako kwa ujumbe wa ndani, siyo hapa. Sitaki hela, ila ukiwa na kofia ya Johnson 25 iliyokaa bure, tuzungumze.

---

mzee_wa_malindi_unguja aliandika:

Kofia sina, ila namjua aliye nayo, Mkokotoni. Imepasuka kwenye lachi tu, faiba inaishika. Nakutumia namba sasa hivi.

---

FundiDeepSea aliandika:

Mzee, zikikufikia, kabla ya kufunga pitisha karatasi ngumu kavu katikati ya pointi mara kadhaa, zimelala na mafuta ya kiwandani pamoja na ukungu wa miaka. Nafasi yake weka inchi 0.020, nusu milimita, pointi zikiwa zimefunguka mpaka mwisho. Na usisahau kupaka tone la grisi kwenye kemu, tone tu, likizidi litarukia kwenye pointi ukaanza upya.